Kadi Ambayo Ndila Hakuiandika

Watu wa Mwingi wakitaka kunichokoza huniuliza habari za kompyuta. "Esha, ile mashine yenu ya Nairobi imeshajua mbuzi ana miguu mingapi?" Wakishacheka huondoka na sukari yao. Siwajibu. Mimi ni mwanamke wa dukani, na mwenye duka akigombana na kila mchokozi atamuuzia nani? Lakini wanamkumbuka Ndila kama mwalimu aliyepatwa na wazimu wa kadi, na hilo linanichoma. Kwa hiyo nitaeleza mara hii moja, yote, pamoja na sehemu ambayo ni yangu.

Ndila Nzuki alipanga chumba cha nyuma ya duka letu mwezi wa pili mwaka 1990. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya darasani ambayo hakuweza kuipunguza hata akiomba chumvi. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka kumi na mmoja bila cheti, halafu wakaja walimu wenye vyeti, naye akaambiwa asante. Aliwahi kuolewa, akarudi kwao. Sababu hakuniambia nami sikumwuliza. Alichokuwa nacho duniani ni mama yake, Syombua, aliyekaa peke yake Kathungu, kijiji kilicho mbele ya Kyuso, safari ya nusu siku kwa lori ikiwa mchanga wa mito haujakamata magurudumu.

Sisi nasi ni watoto wa Abdulkadir. Babu yake baba alipanda bara kutoka pwani na biashara ya nguo, akaoa hapa, akazikwa hapa. Sokoni tunasema Kikamba, nyumbani Kiswahili. Tumeuza nguo, tumeuza ngozi, tumeuza nafaka kwa magunia, ila katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kushika jembe. Naomba hilo likumbukwe.

Aliyempa Ndila kazi alikuwa Bwana Ndululu, mtaalamu wa kompyuta, mzaliwa wa Emali aliyesoma ng'ambo akarudi na miwani minene na adabu nyingi. Siku ya kwanza alitueleza kazi yenyewe hapo kaunta, baba akiwa anapima maharagwe.

"Kompyuta ni kama mtu amezaliwa leo asubuhi, lakini amezaliwa akiwa mtu mzima," alisema. "Hesabu anajua zote. Lakini hajui kama mvua inalowesha. Hajui mtu akifa leo hawezi kwenda soko kesho. Vitu mtoto wa miaka mitano anajua, yeye hajui."

Baba akasema asiyejua maana haambiwi maana.

"Mzee, sisi tumeamua kumwambia," Bwana Ndululu akajibu, na wote wakacheka.

Mpango ulikuwa hivi. Kila ukame ukiingia, ripoti hutoka vijijini kwenda Nairobi: kisima kimekauka, mbuzi wameuzwa, nafaka imekwisha. Ripoti hizo zilisomwa na wakubwa, na mkubwa ni binadamu. Ana shemeji, ana kanisa, ana kijiji alichozaliwa. Mradi wa Bwana Ndululu ulitaka kompyuta isome badala yao na kutoa orodha, chakula cha msaada kianze wapi na kifuate wapi. Lakini ili izielewe ripoti, ilibidi kwanza ifundishwe akili ya kawaida, na akili ya kawaida haimo vitabuni. Imo kwa wananchi. Basi wakusanyaji walitumwa Kitui na Makueni, hadi Kibwezi huko, wawaulize watu mambo ambayo kila mtu anayajua na kuyaandika kwenye kadi. Kadi moja, jambo moja, kwa Kiswahili. Ndila alipewa upande wa kaskazini.

Nilimwuliza kwa nini mwalimu mzima akubali kazi ya kuandika kwamba maji ni maji.

"Njaa ya themanini na nne, chakula ilifika Kathungu wakati tumeshazika," alisema. "Tulizika ndugu yangu mdogo Jumatatu, lori ikaingia Jumapili. Hakuna mkubwa wa kutoka Kathungu, Esha. Hajawahi kuwa. Lakini hiyo mashine haina shemeji. Ikijua vile sisi tunaishi, italeta chakula kwa wakati. Mama yangu hatakufa hivyo."

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu, na aliifanya kazi ile kama mtu anayemjengea mama yake nyumba.

Watu walimpa taabu. Ukimwambia mtu mzima "nitajie jambo ambalo kila mtu analijua," anakutazama kuona kama unamtukana. Wengine walimpa methali. Walokole walimpa mistari ya Biblia. Mzee mmoja wa Migwani alimwambia chifu hula kwanza. Ndila akaiandika, na Bwana Ndululu akairudisha kwa sababu eti hayo ni maoni. Mama mmoja alisikiliza maelezo yote kuhusu kompyuta, kisha akauliza, "Kwani hiyo kitu ililelewa na nani?" Ndila alinisimulia hilo akicheka mpaka machozi, naye hakuwa mtu wa kucheka.

Mwishowe alijifunza hila. Aliacha kuuliza watu wanajua nini. Alisema upuuzi, akangoja wamsahihishe. "Mbuzi wangu amekufa jana, leo nitamkamua saa ngapi?" Wakimfokea, anaandika. Jioni alirudi na kadi ishirini, thelathini, akazimwaga kaunta, nami nikamnyooshea Kiswahili, maana chake kilikuwa cha darasani na mimi nimekinyonya. Mtoto akiumia humlilia mama yake. Penye moshi pana moto. Mbuzi wa mtu hawahesabiwi kwa sauti. Mtu hawezi kuwa Mwingi na Garissa wakati mmoja. Aliyelala haitikii salamu. Nilizisoma nyingi mpaka zikaanza kunitisha. Mtu hajui ni mambo mangapi yanamshikilia mpaka ayaone yamepangwa kadi kwa kadi.

Kati ya kadi zote hizo, mbili ndizo ninazoweza kuziandika hata nikiwa usingizini.

Ya kwanza ilikuwa fahari ya Ndila: "Mgeni akiuliza kama mmekula, jibu ni ndiyo, hata kama hamjala." Bwana Ndululu aliisoma mara tatu. "Hii hakuna profesa angeniambia," alisema, akampa mkono kama anayempongeza mtu aliyefaulu mtihani. Kwa sababu ya kadi hiyo, fomu za ukame zilibadilishwa. Zamani karani aliuliza kila nyumba kama ina chakula. Sasa maagizo yalisema: usiulize, ingia jikoni utazame kwa macho. Nafaka ipo au haipo, ni kiasi gani, imewekwa wapi. Ndila alitembea wiki nzima shingo imenyooka. Nilimtania kwamba sasa ataolewa na kompyuta, na mahari italetwa na fundi wa umeme.

Ya pili ni yangu. Kadi zilifungwa hamsini hamsini kwa mpira, na Jumamosi moja gari la Bwana Ndululu lilikuwa nje linanguruma huku Ndila ana arobaini na tisa.

"Esha, nipe moja. Haraka. Jambo yoyote."

Nilikuwa nafagia mtama uliomwagika chini ya gunia. Nikasema bila kuinua kichwa, "Mwenye nafaka nyumbani hafi njaa."

Akaandika, akafunga, akakimbia nayo nje. Nani angeipinga? Nyumba yetu ilikuwa na magunia mpaka darini, na sijui siku hata moja tuliyolala njaa. Kadi ile ilipewa namba 2212 na jina la mkusanyaji, N. Nzuki.

Mvua ya mwisho wa mwaka 1991 ilinyesha siku nne ikakatika, na ile ya mwezi wa nne uliofuata haikuja kabisa. Kufikia Julai 1992 ng'ombe waliletwa mnadani Mwingi wakiwa wameshikiliwa mikia wasianguke. Ndila alikuwa akimpelekea mama yake unga kila wiki mbili kwa lori la Kiema, dereva wa mizigo ya upande wa Kyuso. Sisi nasi tulimpa madebe mawili ya mahindi, mara moja, tukajiona wakarimu. Lakini chakula kile hakikukaa. Jirani wa Syombua, mwanamke aitwaye Kavata, alikuwa na watoto watano na mume aliyepotelea Mombasa, na Syombua hakuweza kupika huku jiko la Kavata halitoi moshi. Na baada ya Kavata kulikuwa na nyumba nyingine, na nyingine.

"Nikituma debe ni kama nimetuma kikombe," Ndila alisema. "Kathungu yote ikipata, mama atakula. Kathungu isipopata, yeye hatakula. Namjua."

Ndiyo maana aliingoja orodha ya kompyuta kama mtu anayengoja hukumu. Na fomu ya Kathungu aliijaza yeye mwenyewe, hakumwachia mtu. Nyumba tano zilitakiwa, ya mama yake ikawa moja. Aliandika visima vilivyokauka, kimoja baada ya kingine. Aliandika watoto walioanza kugeuka rangi ya nywele kwa njaa. Aliandika mbuzi waliouzwa, kwa kukisia, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwahesabu. Kwenye mstari wa nafaka, nyumba nne kati ya tano, aliandika "ipo," kwa sababu ilikuwepo, na Ndila hakuwa mtu wa kudanganya fomu. Kwa mama yake aliandika: ipo, vibuyu tisa, juu ya meko. Alirudi ametulia. "Sasa wakisoma wataona," aliniambia.

Orodha ilitoka wiki ya pili ya Agosti, ikabandikwa nje ya ofisi ya mradi. Kundi la kwanza lilikuwa la kupelekewa chakula mara moja, la pili baada ya mwezi. Kathungu ilikuwa kundi la tatu, baada ya miezi mitatu. Ndila aliingia dukani, akakaa juu ya gunia na skafu yake kichwani, akawatazama wateja kama watu asiowajua. Nilidhani kumetokea msiba. Sikuwa mbali sana na ukweli.

Kesho yake Bwana Ndululu alikuja mwenyewe na karatasi ndefu ya mashine, ile yenye matundu pembeni. Uzuri wa kompyuta yake ni kwamba ukiiuliza kwa nini, inakuambia. Aliitandaza kaunta akaisoma polepole, sauti imemfifia, kwa kuwa alikuwa ameshaisoma njiani. Kathungu, kundi la tatu. Sababu: nafaka ipo nyumba nne kati ya tano. Sababu: nyumba moja ina vibuyu tisa. Sababu: mwenye nafaka nyumbani hafi njaa, kadi namba 2212, mkusanyaji N. Nzuki.

Nilingoja Ndila anigeukie aseme, huyu hapa, mdomo wake huu. Hakunitazama hata.

"Niliandika juu ya meko," alisema.

"Nimeona," Bwana Ndululu akasema.

"Niliandika juu ya meko! Si ungeona ni mbegu?"

"Mashine haijui juu ya meko ni nini, Ndila. Kwake hapo ni mahali tu."

"Na wewe? Wewe ni Mkamba. Mama yako anaweka nini juu ya meko?"

Bwana Ndululu alivua miwani akaifuta kwa shati. "Mbegu," alisema. "Lakini sikusoma fomu yako. Fomu ni elfu mbili. Ndiyo maana tuna mashine."

Baba, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya mizani, akauliza swali ambalo mimi nisingethubutu kuliuliza. "Kwani hizo mbegu si mtama? Si kunde? Haziliwi?"

Ndila alimgeukia. "Hapana, Mzee," akasema kwa upole, kwa ile sauti ya darasani iliyokuwa imepungua kwa mara ya kwanza. "Inakaa kwa moshi ndio wadudu wasiingie. Hiyo ni ya kupanda mvua ikikuja. Hakuna mtu anakula. Hata mtoto anajua."

Mimi na baba tukatazamana. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nimezaliwa Mwingi, nimeuza nafaka tangu mikono yangu ifike kaunta, na sikujua.

"Mbona hukuandika kadi?" Bwana Ndululu akamwuliza.

"Ningeandika aje? Hakuna mtu aliniambia. Na mimi sikufikiria. Nani anaweza kufikiria kuna mtu hajui?"

Akachukua kadi tupu hapo hapo, akaandika: Mbegu si chakula. Bwana Ndululu alipokea kadi kwa mikono miwili. Kisha akaeleza, na sikuwahi kumwona mtu akiona haya namna ile, kwamba kadi mpya huingizwa mwisho wa mwezi baada ya kukaguliwa, na kwamba orodha ikishatiwa sahihi haibadilishwi. Alipiga simu Nairobi mara mbili mchana huo kutoka posta. Wakamwambia ajikumbushe mradi wake mwenyewe. Mradi wote ulitengenezwa ili mtu asiweze kupiga simu kuombea chakula cha kwao.

Ndila alimtuma Kiema na unga, na ujumbe kwa mama yake: kula mbegu. Kiema alirudi siku ya tatu, akasimama mlangoni akizungusha kofia.

"Mama anasema unga imefika, Mungu akubariki, watoto ya Kavata wamekula," alisema. "Na hiyo maneno ya mbegu anasema labda ni jua ya Mwingi imekuingia kichwa. Anasema vibuyu nane si yake."

Kiema akaeleza aliyoyasikia huko, na hapo ndipo Ndila alipoelewa mambo yalivyo. Njaa ya themanini na nne, wazazi wenye watoto wadogo walishindwa na kilio chao wakala mbegu, na mvua ilipokuja walikuwa hawana cha kutia ardhini. Njaa ikakaa mwaka wa pili. Safari hii akina mama wanane walikubaliana mapema. Walimpelekea Syombua vibuyu vyao, kwa sababu alikuwa anaishi peke yake na hakuna mtoto wa kumlilia. Walimwambia, hata tukija kuomba, usitupe. Na kweli walikuja kuomba, Kavata alikuja mara tatu, na Syombua hakumpa mbegu. Alimpa unga wake.

"Kwa hivyo mimi niliandikia mashine mama ni tajiri," Ndila alisema. Alifunga kitenge, akapanda lori lile lile.

Yaliyofuata nimeyasikia kwake, na alinisimulia mara moja tu. Alimkuta mama yake kitandani, akili timamu, mikono baridi. Akakoroga uji mwepesi, akamlisha kwa kijiko, tumbo likaukataa. Siku ya pili vilevile. Syombua aliuliza kama Kavata ameletewa. Aliuliza kama panya hawajapanda juu ya meko, na Ndila akaenda kutazama, akarudi akamwambia hawajapanda. Siku ya tatu, Alhamisi, kabla jua halijapanda sana, akakata roho.

Sisi tulikwenda maziko, mimi na baba, na gunia zima la mahindi nyuma ya lori. Gunia lile lilifaa kupelekwa mwezi uliotangulia, na hakuna aliyelisema hilo ila macho yangu yalikuwa hayana pa kukaa. Wanawake walinituma jikoni nikalete sufuria. Nikainua kichwa nikaviona: vibuyu tisa, vyeusi kwa moshi, midomo imezibwa kwa majivu na udongo. Niligusa kimoja, kikachezacheza, ndani mkasikika punje. Kilikuwa kimejaa. Na Mungu anisamehe, wazo la kwanza lililonijia, huku maiti ya mwenye jiko imelazwa chumba cha pili, lilikuwa: chakula chote hiki. Nilikuwa nimeshaambiwa. Nilikuwa nimeona karatasi, nimeona kadi, nimesikia kwa masikio yangu. Na bado niliona chakula. Nikatoka na sufuria, nikakaa nyuma ya nyumba, nikalia mpaka Kavata akaja kunishika bega, akidhani namlilia Syombua tu.

Mwisho wa Septemba kadi ya Ndila iliingizwa, na orodha ya Oktoba ilipotoka Kathungu ilikuwa kundi la kwanza. Lori lilifika na mahindi ya manjano na mafuta, watu wakapanga foleni, wakala. Bwana Ndululu aliandika barua. Alisema ameirudishia mashine ile fomu ya Julai, ile ile, neno kwa neno, nayo safari hii imejibu sawasawa. Alisema anajua hilo si faraja. Alimwomba arudi kazini, kwa kuwa kumbe bado yapo mengi ambayo hayajaandikwa. Ndila aliniletea barua niisome, kisha akaikunja akaifanyia kizibo cha chupa ya mafuta ya taa. Hakurudi kazini. Miaka miwili baadaye wafadhili waliondoka, na nasikia kompyuta yenyewe iko stoo fulani Nairobi imefunikwa shuka.

Mvua ilikuja wiki ya kwanza ya Novemba, kubwa, ya kuomba radhi. Akina mama wanane walikuja nyumbani kwa Syombua asubuhi moja, kila mmoja akanyoosha mkono juu ya meko akachukua kibuyu chake. Hakuna aliyekosea, ingawa kwa macho yangu mimi vyote vilikuwa kimoja. Walipanda siku hiyo hiyo. Cha tisa alikipanda Ndila.

Alikuja Mwingi mwezi wa tatu, baada ya kuvuna. Alikuwa amekuwa mweusi kwa jua na viganja vimekakamaa. Alikaa juu ya gunia lile lile, nikampa chai. Nilikuwa nimejiandaa miezi sita kusema neno moja, nikalisema vibaya, kwa haraka, sukari ikiwa mkononi.

"Ile kadi ilikuwa yangu, Ndila."

"Najua. Si niliandika mimi?"

"Ungemwambia Bwana Ndululu."

"Nimwambie nini? Ulisema kile unajua." Alipuliza chai. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. "Miaka miwili nilizunguka hii nchi yote nikiuliza watu wenye wanajua. Mpaka nikakuwa nadanganya ndio wanisahihishe. Na kila jioni nakuja kukunywa chai na mtu mmoja mwenye hajui. Ningekuuliza tu, Esha, juu ya meko kuna nini? Ungesema nini?"

"Ningesema mtama."

"Basi."

Akafungua kikapu, akatoa kibuyu kidogo, kipya, kimezibwa kwa majivu na udongo. Akaingia jikoni kwetu bila kuomba ruhusa, akatafuta msumari, akakitundika juu ya meko. Nikamwuliza nifanye nini nacho, mimi sina shamba. Akasema kikae tu.

Sasa ni miaka sita. Ndila yuko Kathungu, analima, na kila baada ya mavuno huja kubadilisha zilizomo, azitoe za zamani atie mpya. Haongei sana siku hizo. Juzi baba, ambaye sasa haoni vizuri na huzunguka nyumba akipapasa kuta, aliingia jikoni mkono wake ukakigonga. Akakitikisa, akasikiliza.

"Esha, huku kuna mtama," akaniita. "Umeusahau. Si utupikie?"

Nikamshika mkono nikaushusha taratibu. Nikamwambia si chakula.